Sauti Moja na Mama Wawili wa Changamwe

Mwezi uliopita tulimzika Emili huko Mtopanga, nyuma ya nyumba ya mwanawe mkubwa, na baada ya maziko tukakaa matanga. Wajukuu zangu walikuwa wameninunulia kidude cha kutia sikioni, wakashikilia nikivae siku ile, nisije nikapewa pole nami nikaitikia mambo mengine. Nikakivaa. Mara vitu vyote vikaniingia kwa pamoja na kwa nguvu ile ile: vifuniko vya masufuria jikoni, watoto, waimbaji wa kanisa na spika zao, turubai likipigwa na upepo, na binti wa Emili aliyeinama mbele yangu akinieleza jinsi mamake alivyokata roho. Mdomo wake nauona, maneno siyapati. Basi nikakitoa, nikakifunga kwenye pembe ya leso. Nikasogeza kiti hadi ukuta ukawa mgongoni kwangu na waimbaji wakawa upande mmoja, nikamtazama yule binti usoni, nikamwambia, "Haya mwanangu, anza tena." Nikamsikia. Sikusikia yote, lakini nilisikia ya kutosha. Kidude kile kinakuza sauti, basi, hakijui ipi ndiyo ya kusikizwa. Kujua huko mimi nilifundishwa na mavyaa wangu, mamake mume wangu, huko Changamwe, mwaka wa mwisho wa vita, na Emili alikuwapo.

Nilikuwa mke mpya, hata rangi ya hina haijanitoka vizuri vidoleni, mume wangu Yakobo alipoandikwa jeshi. Aliandikwa siku moja pamoja na jirani yetu Lawi, kaka yake Emili. Yakobo akapelekwa kwenye mizinga, Lawi akapewa lori la kubeba chakula cha askari, na wote wawili wakavushwa bahari kwenda Burma. Huku nyuma tukabaki wanawake wanne, na baada ya wao kuondoka akazaliwa mtoto wa Emili, ambaye babake alikuwa akifanya kazi mashamba ya katani na kuja nyumbani mara mojamoja. Nyumba yetu na ya Mama Lawi zilikuwa nyumba moja iliyogawanywa na ukuta wa udongo usiofika darini. Ukilala kitandani, juu ya ukuta unaona makuti yale yale yakiendelea hadi kwa jirani, na maneno nayo yalipita hapo bila kizuizi. Jioni mavyaa wangu, ambaye kila mtu alimwita Mama Yakobo, alizungumza na Mama Lawi kila mmoja akiwa kwake, taa zimezimwa ili kubana mafuta. Walizungumza juu ya bei ya nazi, juu ya magoti yao, juu ya padre mpya aliyehubiri kwa haraka kama anayefukuzwa. Na kila walipokaribia kunyamaza, mmoja angeuliza, "Unadhani sasa hivi wanakula nini?" Mwenzake angetaja chakula. Ndivyo walivyoagana kulala.

Nyuma ya nyumba walikuwa na jiko la pamoja, kibanda cha makuti kisicho na kuta, na humo tulipika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa reli. Mwaka ule mchele ulikuwa adimu na sukari tuliisahau ladha yake. Tulipika sima, maharagwe, mihogo ya nazi, na siku ya bahati mbaazi. Saa ya chakula ilipofika, wanaume walimiminika kutoka yadi, wakasimama wakituzunguka na bakuli zao, kila mmoja akiita. Nyuma yao injini zilikuwa zikipanga mabehewa. Yaligongana moja baada ya jingine mstari mzima, hadi masufuria yakatetemeka juu ya mafiga. Wiki zangu za kwanza nilitaka kulia. Mtu aliyetaka maharagwe nilimpa mihogo, na aliyetaka mihogo nilimuuliza mara tatu akaondoka kwa hasira.

"Huyu alikwambia nini?" mavyaa aliniuliza siku moja.

"Sijui, mama. Walikuwa wakisema wote. Nimewasikia wote."

"Ndiyo maana hukumsikia hata mmoja." Akanifuta unga uliokuwa shavuni, akanigeuza kwa mabega. "Usishindane na kelele, huiwezi. Chagua mtu mmoja. Mtazame mdomo. Mshike yeye peke yake kama unavyomshika mtoto mkono sokoni. Akimaliza, mwachilie, mshike mwingine. Na usisimame karibu na karai. Hili likichemka mbele yako, linakula maneno ya mtu aliye mbele yako. Simama kando."

Nilisimama kando. Haikuwa siku moja wala mbili, lakini nilijifunza. Nikawa namjua Mkamba wa sauti ya mkwaruzo hata nikimpa mgongo, na kijana wa Miritini aliyemeza nusu ya kila neno; nikasikia nusu ile iliyobaki na nyingine nikaijaza mwenyewe, na mara nyingi nilipatia. Kelele za mabehewa sikuzisikia tena ila zilipokoma. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu siku ya matanga. Watu husema sikio ni mlango, lakini mlango huwa wazi ama umefungwa, na sikio haliko hivyo. Sikio langu lilikuwa kama mavyaa mwenyewe pale jikoni: wote wamesimama mbele yake wakiita, naye anaamua nani ahudumiwe. Na kwa kuwa linaamua, laweza pia kupendelea. Hilo nililijua baadaye, na lilitugharimu.

Mwanzo wa mwaka ule barua zilikatika. Kabla ya hapo padre alikuwa akitusomea mbili tatu, za Yakobo fupi na za Lawi ndefu zenye masihara. Kisha kimya. Wengine pale Changamwe walipata barua, sisi hatukupata, si upande wetu wa ukuta wala upande wa pili. Jioni mama wale waliendelea kuulizana watoto wanakula nini, ila sasa jibu lilichelewa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeweka simu ya upepo, yaani redio tunayoiita leo, ndani ya bohari moja karibu na stesheni, na kipaza sauti kikatundikwa ukutani nje. Aliyeshika ufunguo alikuwa karani wa bara, Bwana Wekesa, mtu mpole aliyekula kwetu na ambaye Kiswahili chake mavyaa alikuwa akikirekebisha bila kuombwa. Jumamosi alasiri kulikuwa na salamu za askari. Walikuwa wakizungumza huko huko waliko, maneno yao yakatiwa kwenye santuri, santuri zikaletwa na kupigwa ili jamaa zao wasikie. Watu walikuja kutoka hadi Miritini, wakaketi chini mbele ya bohari na watoto na vikapu. Mbele yako kipaza sauti, nyuma ya bohari reli. Redio yenyewe ilikuwa na mvumo wake, mara kama mvua, mara kama mtu anakaanga samaki, na ndani ya mvumo huo sauti za watu zikipanda na kuzama.

Jumamosi moja tulikwenda watatu, mavyaa, Mama Lawi na mimi. Emili alibaki na mtoto aliyekuwa na homa. Tulisikia askari wa Kisumu, tukasikia wa Tabora, tukamsikia mmoja aliyelia akashindwa kusalimu mtu. Kisha ikaja sauti nyingine, changa, na mara tu ilipoanza injini ikapiga honi nyuma ya bohari, honi ndefu ya kuomba njia. Jina likapotea humo. Honi ilipokwisha tulipata vipande: "…mama… mimi sijambo… chakula…" na kicheko kidogo, halafu mvumo, halafu mtu mwingine kabisa, wa Machakos.

Mavyaa alikuwa amesimama. "Yakobo," alisema. Hakulisema kwa kelele. Alilisema kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Mama Lawi naye alikuwa amenishika goti, analifinya. "Huyo ni Lawi. Lawi mwanangu, nimemsikia anavyocheka."

Walitazamana. Nilifikiri watacheka, maana walikuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa. Hakuna aliyecheka.

"Mama Lawi, mimi nimezaa yule," mavyaa alisema.

"Nami nimezaa huyu," Mama Lawi akajibu.

Wakamwendea Bwana Wekesa, kila mmoja upande wake. Maskini, hakuwa amesikia jina. Alikuwa ameshika kifungo cha redio akijaribu kuupunguza ule mvumo. "Watarudia Jumamosi ijayo, mama zangu," akasema. "Zile za leo zote zitapigwa tena, kwa sababu kila mahali watu wamelalamika. Mje tu."

Tulirudi nyumbani mmoja nyuma ya mwingine. Asubuhi yake Mama Lawi aliyang'oa mafiga yake matatu kutoka jikoni, akayabeba moja moja, bado yana jivu, akayapanga upande wa pili wa nyumba chini ya jua kali. Hakusema neno la ubaya. Mavyaa naye alimtazama akipita na kurudi, na hakumsaidia. Juma lile wanaume wa reli walichanganyikiwa wakale wapi. Na jioni, juu ya ule ukuta usiofika darini, hakuna aliyeuliza watoto wanakula nini.

Mavyaa aligeukia kwangu. "Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia mama."

"Mama nani?"

"Sikusikia zaidi ya hapo."

"Mumeo umelala naye kitanda kimoja. Sauti yake huijui?"

Niliijua. Ila nilipojaribu kuikumbuka, niligundua jambo lililonitia hofu: ningeweza kuisikia popote. Nilipokuna nazi, Yakobo alikuwa ndani ya mkwaruzo wa mbuzi. Nilipochunga unga, alikuwa kwenye chekeche. Nilichohitaji ni kelele kidogo na hamu, na mume wangu akaja akasema lolote nililotaka aseme. Nikajua kwamba mama wale wawili hawakuwa wanadanganya. Kila mmoja alimsikia mwanawe kweli.

Jumamosi ya pili tulikwenda sote, na Emili akaja na mtoto wake mgongoni. Mama wale waliketi mbele kabisa, mmoja kulia mmoja kushoto, wameinua nyuso zao kuelekea kipaza sauti. Mimi nikakumbuka karai. Nikajiambia, hapa tunapokaa injini na redio vyote vinatujia kutoka mbele, kimoja kinakula kingine. Nikainuka nikaenda hadi pembe ya bohari, nikakaribia ukuta. Hapo kipaza sauti kilikuwa upande wa sikio langu la kulia, na reli yote upande wa kushoto. Nikangoja. Emili hakuwa akisikiza kabisa. Alikuwa kando ya njia, hatua chache kutoka kwangu, ametupa mgongo, anabishana na mwanamke muuza mihogo, kwa kuwa mihogo aliyouziwa wiki ile ilikuwa michungu. Watu waliokaa kati walikuwa wakinong'ona, watoto wakilia, na mabehewa hayakunyamaza hata kidogo.

Sauti ile ikaja. Honi ya siku ile ilikuwa ni ya siku ile. Leo hakukuwa na honi, lakini mabehewa yalikuwa yakigongana mfululizo. Nikafanya nilivyofundishwa. Niliyaacha mabehewa yapite sikio la kushoto, nikamshika mtu mmoja peke yake. Nikamsikia akisema, taratibu kama mtu anayesoma, kwamba anamsalimu mayo, yaani mama kwa lugha ya nyumbani, neno ambalo juma lililopita nililisikia kama "mama", kwamba yeye hajambo na chakula kipo ila nazi hakuna. Na kisha: "Namsalimu dada Emili na mtoto ambaye bado sijamwona." Kicheko.

"Abee?" akaitikia Emili.

Aligeuka na muhogo mkononi. Aliitazama njia, akanitazama mimi. "Nani ameniita?"

Yule muuza mihogo akamwambia hakuna aliyemwita. Emili akatikisa kichwa, akarudi kwenye ubishi wake. Mbele ya bohari mama wale walikuwa wamesimama tena. Mama Lawi akasema, "Amesema mayo. Mnasikia? Mayo." Mavyaa akamjibu kwamba hata Yakobo humwita mayo akiwa na furaha, jambo ambalo lilikuwa kweli. Yeye, alisema, amesikia wazi kabisa, "Mama, nitarudi." Hayo hayakusemwa. Nilikuwa nimesimama pale na nayajua yaliyosemwa neno kwa neno, na ikiwa sauti ile ni ya Lawi, basi mimi sikuwa na sauti yoyote.

Nilimwambia Emili siku ya pili yake bombani, tukingoja zamu ya maji. Alikaa juu ya debe lake.

"Ina maana ni yeye aliyeniita."

"Ni yeye."

"Nami nilikuwa napigania mihogo." Kisha akasema, "Damari, usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sasa hivi kila mmoja ana mwana aliye hai. Wamekasirikiana, wataacha. Lakini ukisema, mavyaa wako atabaki na nini? Na wewe je? Ukisema huyu ni Lawi, Yakobo wako yuko wapi?"

"Sijui."

"Basi nyamaza, dada yangu. Mimi nimekwisha kujua kuwa kaka yangu hajambo. Inanitosha."

Lilikuwa neno la upendo, na nililichukua. Nilinyamaza siku kadhaa. Lakini nyumba yenyewe haikunyamaza. Alasiri moja nilijilaza kwa kichwa kuuma, na juu ya ukuta nikamsikia Mama Lawi akiwa peke yake, anapepeta mahindi na kusema chini chini, "Alisema mayo. Si alisema mayo? Alisema mayo." Akanyamaza, ungo ukanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu mwingine, "Au alisema mama?" Akaanza tena kupepeta. Nilielewa kwamba Emili alikosea. Hawakuwa na wana wawili walio hai kati yao. Walikuwa na mmoja, na kila mmoja alikuwa akimvuta, na kadiri walivyomvuta ndivyo alivyozidi kupungua mikononi mwao.

Nilimwambia mavyaa jikoni. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nimechuchumaa mbele yake na kifumbu cha kuchujia tui. Nilimweleza niliposimama, nilichosikia, na jinsi Emili alivyoitikia. Mkono wake uliendelea kukuna muda wote nikisema, hadi nazi ikaisha na chuma kikawa kinakuna kifuu.

"Umesikia jina la Emili."

"Ndiyo, mama."

"Na jina lako hukulisikia."

"La, mama."

"Mke gani," akasema, "asiyemsikia mumewe?"

Aliinuka akaingia ndani. Mimi nikaikamua ile nazi peke yangu. Tulikaa hivyo karibu juma zima. Alinipa amri za kazi na hakunipa neno jingine. Chakula nilikula jikoni, yeye akala chumbani, na kishindo cha mabehewa, ambacho sikuwa nimekisikia miezi mingi, kikanirudia kikawa kinaniamsha.

Jumapili moja tulitoka kanisani, akavua nguo yake nzuri, akapika mbaazi. Mbaazi zilikuwa chache, alikuwa akiziweka. Alizitia tui zito, akazipakua zote kwenye bakuli moja, akaniambia, "Nifuate." Tukazunguka nyumba hadi upande wa pili, ambako Mama Lawi alikuwa ameketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta karibu na mafiga yake.

"Hodi."

"Karibu," Mama Lawi akasema bila kuinua uso.

"Mwanao hajambo," mavyaa akasema. "Anakula, ila nazi hakuna. Amekusalimu wewe, na amemsalimu Emili na mtoto ambaye hajamwona. Damari amesikia vizuri kuliko sisi."

Mama Lawi alinitazama mimi, kisha bakuli, kisha rafiki yake. Ilikuwa ni zawadi, lakini alijua imetolewa wapi. "Na Yakobo?" akauliza.

"Yakobo bado hajasema kitu."

Mama Lawi akasogea kwenye mkeka akampa nafasi. Wakala mbaazi zile kutoka bakuli moja, mimi na Emili tumesimama mlangoni. Walipomaliza Mama Lawi aliinua figa moja, mavyaa akainua la pili, la tatu wakaniachia mimi. Jioni ile juu ya ukuta Mama Lawi ndiye aliyeuliza. "Unadhani Yakobo anakula nini?" Mavyaa alikawia kujibu, kisha nikamsikia akisema mihogo, pengine mihogo.

Baada ya masika ndipo padre alipokuja pamoja na mjumbe wa chifu. Tulipowaona njiani tulijua, ila hatukujua wanaingia mlango upi, na sitaki kueleza jinsi tulivyowatazama miguu. Waliingia kwa Mama Lawi. Lori la Lawi liliteleza kwenye mlima wakati wa mvua za huko. Padre aliposoma ni lini, Bwana Wekesa, aliyekuwa amewafuata, alihesabu kichwani na akainamisha uso. Baadaye alitueleza nje, kwa shida: santuri zile huchukua muda mrefu kufika. Lawi alikuwa amekwisha kuzikwa kabla sauti yake haijapigwa Changamwe hata mara ya kwanza. Yule tuliyegombana kwa ajili yake mbele ya bohari alikuwa tayari hayupo.

Mavyaa alihamia upande wa pili wa ukuta hadi matanga yakaisha. Mama Lawi hakulia sana mbele za watu. Alichofanya ni kuniita, siku nyingi, wakati wa alasiri, anikalishe mbele yake. "Hebu nambie tena alivyosema." Nikamwambia, bila kuongeza na bila kupunguza: mayo, sijambo, chakula kipo ila nazi hakuna, dada Emili, mtoto. "Akacheka?" "Akacheka." Hapo angeridhika, akaniachia niende. Niliogopa hapo nyuma kwamba kwa kusema kweli nilimnyang'anya mavyaa mwanawe. Sasa niliona kile ambacho ningemnyang'anya Mama Lawi kama ningenyamaza. Yalikuwa maneno ya mwisho ya mtoto wake, na angeishi hadi kufa kwake akijiuliza juu ya ungo kama ni yake au ni ya mtu mwingine. Emili naye alilisema jambo moja tu, tukiwa bombani, na hakulirudia mbele yangu maisha yake yote. "Nashukuru niliitika," akasema.

Vita vilikwisha, na bado Yakobo hakusema kitu. Kisha padre akapata habari kwamba yu hai, alikuwa amelazwa hospitali huko ng'ambo, na atarudi na wenzake kwa gari la moshi la kutoka bara, ambako askari walipelekwa kwanza ili watolewe jeshini. Siku ya gari tulikwenda stesheni wanne, Mama Lawi akiwa amevaa nguo yake nzuri kama sisi. Sijapata kusikia kelele kama zile tena. Injini ilikuwa ikitoa mvuke, na watu wote wa Changamwe walikuwa wakiita majina: Juma, Zakaria, Mwangi, Yakobo, Yohana, Kazungu. Askari walikuwa wakiruka kutoka milangoni kabla gari halijasimama, na kila aliyesikia jina lake aligeuza kichwa mara moja, hata kama lilitoka mwisho wa jukwaa, akalifuata kama amevutwa kwa kamba.

Mama Lawi ndiye aliyemwona. "Yule pale, mwembamba yule, mwenye begi begani."

Nikamwita. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, na mavyaa akamwita, na Emili akamwita. Yule mtu hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya watu, anageuza kichwa polepole huku na huku kama aliyepotea njia, na macho yake yalipita juu yetu bila kutua. Mavyaa alinishika mkono. "Si yeye," akasema. "Angekuwa yeye angesikia."

Nikaacha kuita. Nikapenya kati ya watu kwa viwiko hadi nikamfikia, na alikuwa ni yeye, amekonda, ana kovu jembamba kando ya sikio ambalo halikuwapo. Nilikuwa nyuma yake, karibu kabisa, nikasema "Yakobo," na bado hakugeuka. Wenzake wa mizinga walikuja kutueleza baadaye yale niliyoyajua hapo hapo. Nikamshika mkono wa shati. Akageuka, na alipoona ni mimi uso wake wote ulibadilika. Lakini hakunitazama macho. Alinitazama mdomo, akangoja, nami nikakaribia hadi nikawa sina mtu mwingine mbele yangu, nikamwambia polepole, ili alione kila neno, kwamba mamake yuko pale nyuma na kwamba chakula kiko tayari nyumbani.